Fundi na Mishipi ya Kurambaza

Sijamwona mtu anayeogopa bahari kama Fundi, na nilivua naye miaka kumi na moja. Hakujua kuogelea. Tukisukuma boti na maji yakimfika magotini, alishika ukingo kwa mikono miwili, akafumba macho, akasoma alichokuwa akisoma, kisha akajitupa ndani kama gunia la mihogo. Alikaa kwenye ubao wa katikati, kamwe si mbele wala nyuma. Alisema pale katikati ndipo mtu anapokuwa mbali na maji kwa pande zote. Mwanzoni nilimcheka kwa siri. Baadaye nilimcheka usoni, na hakukasirika hata siku moja.

Kazi yake hasa ilikuwa cherehani. Alikaa barazani, kwenye duka la vitenge la Mtanzania mmoja hapa Palma, kaskazini mwa Msumbiji, akishona kanzu, sare za watoto wa shikola na magauni ya harusi. Futi yake ya kupimia ilining'inia shingoni tangu asubuhi hadi anapolala, na hata tukiwa baharini hakuivua. Boti ilikuwa yangu, mota yangu. Mishipi ilikuwa yake, nayo ndiyo iliyofanya watu watutafute sisi wanapotaka nguru wa karamu.

Kurambaza, kwa asiyejua, ni kuvua huku chombo kinatembea. Hutii nanga, wala hutegi wavu ukangoja. Unakokota mshipi nyuma yako, na mwisho wake kuna chambo kinachoogelea kama dagaa aliyepotezana na wenzake. Nguru au kolekole akikiona anakifukuza. Sisi hatukwenda mbali. Tulitembea sambamba na ufuo, pale maji yanapogeuka kutoka kijani kuwa buluu, mwendo wa mtu aliyechelewa kidogo msikitini. Tulikwenda hadi mwisho wa mji, tukageuza, tukarudi, tukageuza tena, asubuhi nzima. Fundi aliukubali uvuvi huo kwa sababu moja tu: paa la nyumba yake lilionekana muda wote.

Chambo alikitengeneza kwa mabaki ya satini ya magauni. Alikata vipande vyembamba kama utepe, akavifunga kwenye ndoana kwa uzi wa kushonea vifungo, na kichwani akaweka kipande cha kijiko alichokisugua kwa majivu mpaka kikang'aa. Nguru, alisema, anapenda nyeupe na waridi. Kolekole anapenda kijani. Aliwadharau wavuvi wanaofunga hirizi kwenye omo, mbele ya chombo, akiwaita wajinga, lakini satini ya bibi harusi aliyeachika hakuitia kwenye ndoana yake hata ungemlazimisha.

"Hiyo si ushirikina, Fundi?" nilimuuliza.

"Hapana. Hiyo ni tahadhari."

Juu ya ndoana alifunga waya wa urefu wa shubiri mbili, maana nguru ana meno ya kukata mshipi kama mkasi. Waya huo aliupata kwenye kebo za breki za pikipiki mbovu, akazifumua uzi mmoja mmoja. Kisha kilikuja kipande kidogo cha shaba kinachozunguka, ili mshipi usijisokote, halafu chubwi ya risasi ya kukiweka chambo chini kidogo ya uso wa maji. Risasi aliiyeyusha jikoni kwa mkewe, kwenye sufuria ya wali, mara moja tu. Kilichosemwa siku hiyo sikukisikia, ila tangu hapo aliyeyushia nyuma ya choo, kwenye kopo la maziwa.

Mwisho wa huku kwetu, mshipi haukufungwa moja kwa moja kwenye boti. Aliunganisha kwanza ukanda wa mpira wa ndani wa tairi la baiskeli, ili samaki akivuta kwa kishindo mpira unyooke na mshipi usikatike. Na ili mishipi miwili isigongane, alichomeka mianzi miwili, mmoja kila upande, imetokeza juu ya maji kama mbawa. Mshipi wa kulia pima thelathini, wa kushoto pima kumi na tano. Kila pima tano alifunga uzi mwekundu wa kushonea, apate kujua amefika wapi bila kuangalia.

Yote haya aliyakagua ufukweni kabla hatujaondoka. Alivuta kila fundo mara tatu. Mimi nimekaa nyuma, mota inanguruma, gasolina inaungua.

"Tayari?"

"Bado."

"Fundi, jua limetoka."

"Nimesikia. Bado."

Siku moja alihesabu ndoana zake akakuta imepungua moja. Ilikuwa Ijumaa. Alikataa kwenda baharini. Alifagia baraza, akapekua mapindo ya nguo zote zilizosubiri wenyewe, akamfukuza hata paka. Kama saa sita hivi nikamwona anakimbia barabarani, futi inapepea, viatu mkononi. Alikuwa amekumbuka kanzu ya khatibu, iliyochukuliwa asubuhi. Alimkuta khatibu amesimama chumbani mwake, ameinua mikono, kanzu imefika kichwani. "Usivae!" akapiga kelele mlangoni kwa mtu mzima mwenye heshima zake. Ndoana ilikuwa kwenye kola, imejikunja vizuri, ncha inatazama ndani. Khatibu alicheka, lakini Fundi hakucheka. Kwa mwezi mzima alinieleza jinsi ambavyo ingekuwa, kola hiyo, shingo hiyo, katikati ya hotuba.

Ndivyo alivyokuwa. Kila jambo aliliona mwisho wake mbaya kwanza. Mota ikikohoa, aliona tunachukuliwa na maji hadi Komoro. Mkewe akichelewa kutoka shamba, alikuwa ameshamzika. Wala hakula nguru. Alimvua, alimpasua, alimkata vipande vilivyolingana kama vya kitambaa, akampelekea jirani mjane, lakini yeye mwenyewe alikula mchicha. Alisema ameshatazamana nao sana machoni.

Mimi sikuwa hivyo. Nilikuwa mtu wa kusema "haina neno". Nawaambieni hili mapema, kwa sababu habari hii ni ya Fundi, ila na mimi nimo, na sikutoka vizuri.

Vita vilipofika mjini tulikimbia kama watu wote. Boti yangu ilipeleka watu kisiwani Rongui, na Fundi alipanda na mkewe. Kichwa cha cherehani alikiacha, akabeba vibao viwili vilivyozungushiwa mishipi yake. Wiki zile za Rongui tulilala mchangani na watu ambao hatukuwajua, na kila asubuhi tulirambaza kuzunguka kisiwa. Alitoa mshipi amefumba macho, na alilisha familia sita. Usiku hakulala. Alikaa akitazama bara.

Tuliporudi, mji ulikuwa na tropa, wanajeshi, kila kona, na bahari ilikuwa na sheria. Lisensa ya boti, lisensa ya mota, karatasi ya mvuvi. Kutoka jua likichomoza, kurudi kabla ya adhuhuri. Kutovuka kisiwa cha Rongui. Wa nyavu walipata nafuu, maana mtu wa wavu anaonekana amekaa mahali pamoja. Sisi tulikuwa watu wa kwenda na kurudi.

"Hawatatuelewa," Fundi alisema siku ya kwanza.

"Tuna karatasi. Haina neno."

"Karatasi zako zililowa Rongui. Mhuri hausomeki."

"Nitazibadilisha."

Sikuzibadilisha. Aliniuliza kila Jumatatu, nami kila Jumatatu nilimwambia wiki hii.

Asubuhi waliyotukamata bahari ilikuwa shwari. Tulikuwa tumegeuza mara ya nne. Boti ya doria ilikuja kasi kutoka upande wa jua, ikatuzunguka, mawimbi yake yakatutupa huku na huku. Nilizima mota. Walikuwa watatu na mkubwa wao, waliyemwita shefe, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Hawakujua Kiswahili. Kireno changu ni cha sokoni. Cha Fundi kilikuwa cha ufundi tu: namba, na sehemu za mwili wa mtu.

Shefe alinyoosha kidole kwenye mianzi. Antena? Akauliza kwa nini tunakwenda na kurudi mbele ya mji. Akanyanyua mshipi akaona nyuzi nyekundu, moja, mbili, tatu, akauliza zinahesabu nini. Akavuta waya. Askari mmoja akampapasa Fundi, akatoa mfukoni daftari dogo. Lilikuwa limejaa namba. Mia na nne, themanini na nane, sitini na mbili. Ukurasa baada ya ukurasa.

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikusema haina neno. Watu waliokwisha chukuliwa kwa mambo madogo kuliko hayo niliwajua, na wengine walikuwa hawajarudi kwao.

Fundi alisimama. Alisimama kwenye boti inayoyumba, yeye ambaye miaka yote hakuwahi kusimama baharini. Akavua futi shingoni.

"Peito," akasema, akijipiga kifuani. Akajipima, akamwonyesha shefe namba. "Manga." Akapima mkono wake. "Cintura." Kiuno. Kisha akanyoosha mkono, polepole sana, akaigusa shati ya shefe kwenye bega. Bunduki mbili zilimgeukia. "Manga... curta," akasema. Na kweli, mikono ya ile shati ilikuwa mifupi, ilimwishia juu ya kifundo cha mkono. Alimpima pale pale, juu ya maji, akaitaja namba, akaomba kalamu, akaiandika kwenye daftari chini ya zile nyingine.

Shefe aliitazama ile namba. Akaitikia kwa kichwa. Halafu akaonyesha mishipi: na hii?

Nikaambiwa niwashe mota, askari mmoja akakaa nami. Fundi alitoa mshipi mrefu, uzi mwekundu mmoja mmoja ukipita vidoleni, akahesabu kwa Kireno, sauti inapasuka. Tulikwenda. Tukageuza. Hakuna kitu. Katika siku zote alizotupa Mungu, siku ile hapakuwa na samaki baharini. Fundi akamshika yule askari mkono, akamzungushia mshipi kidoleni, akamwambia kwa ishara atulie. Chambo kikiogelea vizuri mshipi hutetemeka, kama moyo wa kuku ukimshika. Askari akashtuka. Akapiga ukelele, akavuta kwa nguvu zote, pima thelathini, jasho linamtoka, na mwisho wake kikaja kijiko na satini ya waridi. Wenzake wakamcheka hadi wakashika matumbo. Hata shefe alitabasamu.

Kisha akaomba karatasi za boti.

Fundi walimwambia aende. Mimi walinichukua.

Walinikalisha kwenye kontena siku nne. Hawakunipiga. Waliniuliza maswali yale yale, asubuhi na jioni: eti nilipokimbilia Mtwara nilikaa kwa nani, nilirudi lini, nani mwingine ananunua gasolina kwa madumu. Katikati ya maswali hapakuwa na kitu. Joto, na mlio wa bati, na hatua za mtu nje ambazo zinaweza kusimama mlangoni au zikapita. Nilijifunza kuzisikiliza hatua hizo. Mpaka leo nazisikiliza.

Siku ya nne wakanifungulia mlango, wakanipa karatasi yangu iliyolowa pamoja na karatasi mpya yenye mhuri, wakaniambia nenda. Getini nilimkuta Fundi amekaa juu ya jiwe, futi shingoni, shati ya shefe mapajani, anamalizia kuongeza mkono. Sikumuuliza amefikaje pale. Mlinzi ndiye aliyeniambia: mzee huyu anakuja tangu siku ya kwanza, akifukuzwa anakwenda hadi pale kwenye kona, halafu anarudi. Ndiye aliyezunguka ofisini kutafuta ule mhuri. Fundi, ambaye akiona tropa wawili barabarani alikuwa akivuka kwenda upande wa pili!

"Twende nyumbani, Nahodha," alisema. "Mama amepika." Mkewe tulimwita Mama.

Wiki iliyofuata, saa kumi na mbili asubuhi, alikuwa ufukweni na vibao vyake. Mianzi walikuwa wameichukua, amekata mingine. Alinisubiri. Mimi nilisimama nyuma ya ukuta wa nyumba ya jirani, nikamwona, nikashindwa kutoka. Nilisikia mlio wa mota mbali, labda ya wavuvi tu, nikakaa chini mchangani kama mtoto. Alisubiri hadi jua likawa kali. Akachukua vibao akaenda kushona.

Nikauza mota. Boti nikamwachia yeye, nikamwambia afanye atakavyo, nikaenda kijijini Mute kwa shemeji yangu, kulima. Mute bahari haionekani. Niliwaambia watu mgongo unaniuma.

Miaka miwili sikurudi. Mwaka huu shangazi yangu alifariki, nikaja hitimani, na siku ya pili nikajilazimisha kwenda kumsalimu Fundi.

Nilimkuta uani na mkewe, wamekaa juu ya jamvi moja, wanafunga ndoana. Amepungua mwili. Mkewe ndiye aliyekuwa anavuta mafundo.

"Shikamoo Fundi. Shikamoo Mama."

"Marahaba, mwanangu," mkewe akajibu. "Mute wanakulisha? Mbona umekuwa ufito?"

Nikakaa. Wakanieleza kwamba ile boti ilipoanza kuoza waliibadilisha kwa mtumbwi wenye matengo, mbao za pembeni za kuuzuia usipinduke, na siku hizi wanakwenda wawili, mama anapiga kasia nyuma, mzee anashika mshipi. Mota hawana, hawaitaki.

"Watu walisema mwanamke gani huyo anayekwenda baharini na makasia," mama alisema. "Nikawaambia nyamazeni, nimechoka kumngoja ufukweni. Nikiwa naye angalau najua amefia wapi."

"Sifi," Fundi alisema.

"Unasema hivyo ukiwa nchi kavu."

Kisha Fundi akaniambia kwamba kesho mama hataweza kwenda, anampeleka mjukuu hospitali, na kuna nguru wameonekana karibu tangu juzi. Nikaelewa ananiomba. Nikasema nina gari la Mute kesho kutwa, sina budi kujiandaa, mgongo pia.

"Mgongo," Fundi akarudia.

Halafu sijui nini kilinijia, nikasema kila kitu: ukuta wa jirani, hatua za nje, kwamba shambani mtu akipita nyuma yangu jembe linanianguka. Nikasema naona aibu, kwa sababu nilimcheka miaka kumi na moja, na siku ilipofika yeye alisimama, mimi sikusimama.

Fundi alikaza uzi kwenye ndoana, akaukata kwa meno.

"Siku zile za getini," akasema, "nilijikojolea."

"Mara mbili," mkewe alisema. "Mimi ndiye niliyefua."

"Ya pili ilikuwa kidogo."

"Ilikuwa mara mbili. Akarudi, akabadilisha kikoi, akaenda tena. Nikamwambia, mume wangu, utakufa kwa hofu. Akaniambia hofu anaijua, wamekua pamoja, asiyeijua ni yule kule ndani."

Fundi hakuniangalia. "Nilikufikiria hivyo tu," akasema. "Kwamba hukuzoea."

Asubuhi nilishuka ufukweni. Sikuwa nimeamua kwenda, miguu ilikwenda. Alikuwa amekwisha kuweka vitu vyake, anavuta mafundo. Nilikaa nyuma nikashika kasia la mama. Tulitoka. Alitoa mshipi mmoja tu, kwa kuwa kwa makasia chombo hakina mwendo wa kubeba miwili. Maji yalikuwa safi, miamba inaonekana chini. Nilikuwa nimeanza kupata pumzi yangu niliposikia mota.

Ilikuja kutoka upande wa jua, kama ile. Kasia likatulia majini. Fundi alinyanyua mkono mmoja juu, kiganja wazi, akauacha hapo. Boti ya doria ilipunguza mwendo ikatupita kwa mbali kidogo. Askari mmoja akanyanyua wa kwake, wakaenda zao.

Niliinama ukingoni nikatapika chai yote niliyokunywa msibani. Nilipoinuka, Fundi alinipa kikopo cha maji. Mkono wake ulikuwa unatetemeka kuliko wangu, maji yakamwagika nusu kabla sijakipokea.

"Haya, piga kasia," akasema. "Tumesimama, chambo kinazama, kitanasa kwenye mwamba."

Nikapiga. Tulipata kolekole wawili na mzia mmoja, nguru hakuna, tukarudi saa nne. Gari la Mute liliondoka kesho yake bila mimi.